Bahasha za Safari Ambayo Sikwenda

3 Agosti

Joto. Asubuhi nimemsaidia Tomie kufungua mifuko ya karatasi inayofunika vishada na kuchungulia rangi ya zabibu. Bado wiki mbili. Tomie Ushioku ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Anazungumza shamba zima likasikia, na pesa haikai kwake. Juzi kamnunulia mumewe viatu vipya vya ngozi, na mumewe yuko kwenye nyumba ya wazee tangu apate kiharusi, hatembei hata hatua moja. Nikamwambia, "Tomie, viatu vya nini?" Akasema, "Vya kuvaa, shoga. Miguu bado anayo." Nimeandika hapa ili nimtaje darasani bila jina, kama mfano wa matumizi yasiyo na mpango.

Darasa langu ni Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi, ukumbi wa mtaa. Linaitwa "Pesa, Safari na Maisha Yenye Lengo". Jina nimelibuni mwenyewe. Miaka thelathini na moja nilikaa dirishani kwenye ofisi ya ushirika wa wakulima nikihesabu pesa za watu wa bonde hili, na tangu nistaafu nawafundisha kuandika daftari la nyumba. Wananiita Mwalimu. Sikatai.

10 Agosti

Bwana Amemiya, mwenyekiti wa mujin yetu, ametangaza safari yangu mtaani kabla sijafungua mdomo. Mujin ni chama chetu cha kula pamoja na kuweka akiba kila mwezi, na Amemiya hawezi kukaa na habari tumboni. Kwa hiyo bahasha zimeanza kuandaliwa. Kwetu mtu akisafiri mbali, majirani humpa bahasha ya kumuaga, naye akirudi huwaletea zawadi ya huko alikokwenda. Tarehe mosi Oktoba nakwenda kisiwa cha Shikoku kutembea kwa miguu mahekalu themanini na nane, siku arobaini na zaidi, kwa ajili ya marehemu mume wangu Kazuhiro. Nimeweka akiba miaka kumi na moja. Darasa langu lote linajua kiasi chake, maana kila mwaka nilikiandika ubaoni.

14 Agosti

Nimenunua koti jeupe la kutembelea mahekalu na mkongojo. Ndani ya bajeti.

21 Agosti

Naandika mara moja bila kusoma nilichoandika.

Simu ililia saa nne asubuhi. Sauti ya kijana mpole, anasema yuko ofisi ya manispaa, upande wa bima ya afya. "Mama Nagahori, mwezi wa tano tulikutumia bahasha ya kijani. Unarudishiwa gharama za matibabu, yeni elfu ishirini na tatu na mia nne. Hatukupata jibu lako, na leo ndiyo mwisho."

Mimi ni mtu ambaye risiti ya tofu ya mwaka juzi anaweza kuitoa kabla chai haijapoa. Kusikia kwamba nimepoteza barua ya manispaa, uso uliwaka. Nikasema, "Aa, hiyo bahasha. Ndiyo, niliiona." Nilidanganya. Kijana yule alikuwa mwongo, lakini mtu wa kwanza niliyemjua kuwa mwongo kwenye simu ile ni mimi mwenyewe, na niliona haya kwa bahasha ambayo haikuwahi kuwepo.

Akaniomba msamaha kwa usumbufu, labda mara sita. Akasema bado tunaweza kuwahi, niende kwenye mashine ya pesa iliyo duka la vyakula, nisikate simu. Nikaenda kwa baiskeli. Akaniuliza nina kadi ya akaunti gani, zimebaki ngapi, "ili tuthibitishe kuwa ni wewe, mama." Nikamtajia. Akasema nibonyeze pa kutuma pesa, hapo ndipo wanapounganisha na manispaa. Mkono wangu ulisita. Akasema, "Pole mama, watu wengi huchanganyikiwa hapo." Mimi sitaki kuwa watu wengi. Nikabonyeza.

"Sasa andika namba yako ya maombi. Nne, saba, tisa, nane, nane, sifuri."

Nikaiandika. Miaka thelathini na moja dirishani, na nikaandika 479,880 bila kuona kuwa ile si namba ya kitu chochote, ni pesa. Risiti ikatoka. Salio: yeni 432.

Nilisimama pale mpaka mama mmoja nyuma yangu akaniuliza kama mashine imeharibika. Nikamwambia hapana, inafanya kazi vizuri.

22 Agosti

Nimepika wali, sikuula. Askari wa kituo kidogo cha hapa ni kijana Shimura, na mama yake hukaa mstari wa mbele darasani kwangu. Siendi.

28 Agosti

Darasa. Ukutani nyuma yangu kulikuwa na lile bango la polisi lililoandikwa kwa maandishi mekundu kuwa simu yoyote inayotaja pesa na mashine ni ya tapeli. Nililibandika mwenyewe mwezi wa nne, nikapima kwa rula lisikae upande. Leo ilikuwa zamu ya somo la utapeli. Nimeliruka, nikafundisha bajeti ya msimu wa mavuno. Hakuna aliyeuliza.

7 Septemba

Mavuno yanaendelea. Siku nzima chini ya chanja, shingo inauma kwa kutazama juu. Tomie anakata kishada, mimi napanga kwenye sanduku. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie. Ya tatu nilisema, "Tomie, unajua mwezi uliopita..." naye akadakia, "Mwezi uliopita! Usinikumbushe, mauzo yalikuwa mabaya." Kisha akacheka na kuniambia, "Lakini wewe Fumie hata dunia ipinduke, daftari lako litasimama. Mimi nawaambia watu, jirani yangu ndiye mtu pekee bonde hili ambaye hadanganyiki. Nikiwa na shida ya pesa nabisha hodi kwake tu."

Nikafunga mdomo. Nilimpenda kwa maneno hayo na nikamchukia pia. Nilifunga sanduku la zabibu kichwa chini, ikabidi tulifungue tulipange upya.

11 Septemba

Chakula cha mujin, safari hii kwa heshima yangu. Watu kumi na mmoja, tambi nene za maboga, samaki, divai ya Bwana Amemiya mwenyewe. Akasimama na kutoa hotuba. "Mwalimu wetu hakukopa, hakuomba. Aliweka senti juu ya senti, na sasa anakwenda kufanya jambo lenye maana. Sisi wengine tunaishi tu."

Kila mmoja akanipa bahasha kwa mikono miwili. Nikapokea kwa mikono miwili. Bahasha ya Tomie, alinieleza, ina karatasi ndani: jina la mumewe, Yasuo, umri wake, na ombi kwamba niliache kwenye hekalu lolote nitakaloona zuri. "Chagua lenye bustani," akaninong'oneza. "Hapendi mahali penye giza."

Ningeweza kusema palepale. Goti linauma, daktari kakataza, chochote. Lakini bahasha ukishazipokea kuzirudisha ni kumtukana mtu, na goti la uongo wangekuja kulikanda. Huo ndio utetezi wangu, nao haunitoshi hata mimi. Ukweli ni kwamba nilitaka waendelee kuniangalia vile walivyoniangalia.

12 Septemba

Nimezifungua. Yeni elfu themanini na tatu. Haitoshi hata wiki mbili za Shikoku kwa kula na kulala.

16 Septemba

Nimepata. Gazetini, mkoa wa Nagano, familia ya Momose inatafuta watu wa kufungasha matufaha, Oktoba hadi katikati ya Novemba, kulala na chakula hapohapo. Umri si tatizo. Nimepiga simu kwa jina langu la usichana.

25 Septemba

Mvua ya kimbunga. Darasa limeahirishwa. Asante, kimbunga.

1 Oktoba

Walikuja wote stesheni. Nilivaa koti jeupe, mkongojo mkononi. Tomie alilia kidogo, kisha akanitania ili afiche: "Usije ukaolewa huko na mtawa." Bwana Amemiya aliinama mpaka treni ikaondoka. Ni treni ileile ya kwenda Shikoku kupitia Nagoya. Mimi nilishuka mapema tu. Kwenye choo cha stesheni ya Shiojiri nilivua koti, nikalikunja, na mkongojo nikauacha umeegemea ukuta. Mfagiaji akanikimbilia nao: "Mama, mama, umesahau." Nikamshukuru.

3 Oktoba

Ghala la baridi. Matufaha yanaingia kwenye mashine yenye maji, yanatoka yanang'aa, sisi sita tunapanga kwa ukubwa. Hakuna anayeniita Mwalimu. Bi Momose ananiita "wewe wa kona".

5 Oktoba, Jumapili

Nimempigia Tomie kutoka nyuma ya ghala. Nilikuwa nimesoma kitabu cha njia, kwa hiyo nikamwambia niko hekalu la kumi na mbili, mlima mkali. Akataka kujua miguu ikoje. Nikasema malengelenge. Akaniambia nipake mafuta ya ng'ombe. Tumekubaliana nipige Jumapili tu, ili nisipoteze chaji milimani. Siku nyingine nazima simu, maana mashine ya hapa inanguruma na watu wanapiga kelele "daraja la pili, daraja la pili", na hakuna hekalu lenye kelele hizo.

12 Oktoba, Jumapili

Hekalu la ishirini na nne, kwenye rasi. Nikaeleza bahari mpaka mwenyewe nikaiona. Tomie akasema, "Unajua, Fumie, tangu uondoke nimeanza daftari. Nimeandika wiki nzima. Viatu vya Yasuo nimeviweka kwenye safu ya mahitaji, usinigombeze." Sikumgombeza. Baada ya simu nilikaa juu ya kreti mpaka Bi Momose akauliza kama nalipwa kwa kukaa.

17 Oktoba

Mikono imepasuka kwa maji baridi na karatasi za sanduku.

19 Oktoba, Jumapili

Nimesema jina la Yasuo nimeliacha kwenye hekalu lenye bustani. Tomie akasema asante kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Karatasi ninayo hapa ndani ya daftari. Nimesema uongo mwingi msimu huu, ila huu wa leo sikuweza kuuacha ulivyo.

Jioni nilimtafuta kasisi wa hekalu la kijiji hiki, nikamwomba alisome jina hilo. Hekalu halina bustani, lina mti mmoja na maegesho. Akalisoma. Haikunisaidia.

26 Oktoba, Jumapili

Hekalu la hamsini na moja. Tomie alikuwa na haraka, mauzo ya mwisho ya zabibu yamelipwa.

2 Novemba, Jumapili

Nimepiga. Tomie kaongea kidogo, kasema ana mafua. Akauliza narudi lini, mara mbili.

9 Novemba

Mshahara wa mwisho kesho: baada ya makato ya chakula na malazi, yeni laki moja na elfu tisini. Bi Momose amesema mwakani nirudi, kona yangu ipo. Ni sifa ya kwanza niliyoipata kihalali mwaka huu.

11 Novemba

Nimepitia Tokyo, kwenye lile duka linalouza vitu vya mikoa ya Shikoku. Biskuti za machungwa, tambi kavu, taulo zenye michoro ya mahekalu. Pakiti kumi na mbili, elfu arobaini na moja. Muuzaji akauliza, "Unakumbuka nyumbani, mama?" Nikasema ndiyo. Bafuni kwenye hoteli nililoweka koti jeupe, nikalisugua na udongo wa chungu cha maua cha hoteli, nikaloweka tena. Mwanamke wa miaka sitini na tatu anasugua nguo iwe chafu.

13 Novemba

Nimegawa zawadi nyumba kwa nyumba. Walitaka kuona kitabu cha mihuri ya mahekalu, nikasema kimelowa mvua, kipo kwa fundi wa vitabu. Kwa Bwana Amemiya walikuwa wamejaa, naye akataka kushika mkono wangu, kwa baraka. Tomie alikuwapo. Alinitazama miguu, kisha mikono.

"We Fumie, mbona miguu mizima na mikono ndiyo imechanika? Ulitembea kwa mikono?"

Wote wakacheka, nami nikacheka. Nikasema ni kamba za mlimani. Tomie amekonda.

19 Novemba

Leo alibisha hodi mapema, hakuita jina langu kutoka barabarani kama kawaida yake. Akaketi mezani bila kuvua koti.

"Nimefanya upumbavu," akasema. "Usinicheke. Au cheka, kisha nisaidie."

Akaeleza. Tarehe ishirini na nane Oktoba, simu. Kijana mpole wa manispaa. Bahasha ya kijani. Pesa za kurudishiwa kwa matibabu ya Yasuo. Mashine ya duka la vyakula. Nilijua kila neno kabla hajalitoa. Alipofika kwenye namba ya maombi mikono yangu ilikuwa chini ya meza, nimeishikanisha.

Laki tatu na elfu kumi. Pesa za zabibu zote, za kulipia nyumba ya wazee mpaka Machi.

"Nilikupigia," akasema. "Nikiwa bado njiani kwenda dukani. Nilimwambia yule kijana asubiri, nikatumia simu ya Bi Hosaka wa duka la mchele. Nikasema nimuulize Fumie kwanza, atajua. Simu yako ilikuwa imezimwa. Nikajisemea, yuko milimani anatuombea, nisimsumbue."

Niliweka maji jikoni yachemke ili nimpe mgongo. Nilisema tu, "Kesho tutakwenda polisi, nitakusindikiza." Akanishukuru. Akasema mimi ni mtu mwema.

20 Novemba

Kituo kidogo cha polisi. Kijana Shimura alitupa viti, akamwandikia Tomie maelezo taratibu, kwa adabu. Mwisho akanigeukia: "Na Mwalimu, wewe ni msindikizaji?"

Nikasema, "Hapana. Na mimi nimekuja kuripoti."

Akadhani sijaelewa swali. Nikarudia. Nikamwambia ni mtu yuleyule, maneno yaleyale. Akachukua fomu nyingine.

"Tarehe?"

"Ishirini na moja Agosti."

Kalamu ikasimama. Alitazama fomu ya Tomie, kisha yangu, kisha akaandika. Hakuuliza kwa nini nilichelewa, na afadhali angeuliza. Tomie hakunigeukia. Aliangalia kalenda ya ukutani, ile ya ushirika wa wakulima, nikaona midomo yake inahesabu miezi.

Nje alitembea mbele yangu. Nikamwambia yote nikiwa nyuma yake, barabarani, kwa mgongo wake: Nagano, matufaha, Jumapili, jina la Yasuo kwenye hekalu la maegesho. Hakusimama mpaka langoni kwake.

"Ungeniambia Septemba," akasema. "Tulipokuwa tunakata zabibu. Neno moja tu, Fumie. Ningekucheka siku mbili, basi."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

21 Novemba

Nimempelekea pesa za matufaha zote na kilichobaki kwenye bahasha. Nilitegemea akatae, maana kwetu mtu hukataa mara mbili ndipo apokee. Hakukataa hata mara moja. Alihesabu mbele yangu, akaandika kwenye daftari lake. "Bado elfu sabini na nane," akasema. Nikasema nitaleta. Akasema, "Najua utaleta."

23 Novemba

Nyumba kumi na moja zilinipa bahasha, na kila moja niliandika jina lake na kiasi chake. Nitarudisha, nikianza na Tomie. Kisha nitasema wapi nilikuwa.

27 Novemba

Alhamisi ya mwisho. Watu kumi na wanne ukumbini, wanne wamevaa taulo zangu za mahekalu shingoni kwa ajili ya baridi. Walikuwa wamekuja kusikia habari za safari. Tomie alikuja akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Sikutumia ubao. Nilisimama chini ya lile bango na kusema tangu simu ilivyolia. Nilisema na mimi nilidanganya, kwamba bahasha niliiona. Nilisema Salio: 432. Nilisema nilikula heshima yao kwa bahasha kumi na moja, nikalala Nagano, na kwamba kwa sababu nilinyamaza miezi miwili, mtu mwingine wa mtaa huu aliumizwa na mtu yuleyule. Jina lake sikulitaja. Tomie alinyoosha mkono akasema, "Ni mimi," akaushusha.

Mama yake Shimura alivua taulo, akaikunja, akaiweka mezani. Sikumlaumu.

Kisha Bwana Amemiya akasimama. Nilidhani atanitoa kwenye mujin, na nilikuwa tayari kuinama. Yeye ndiye aliyeinama. Alizungumza akitazama sakafu.

"Na mimi," akasema. "Bahasha ya kijani. Tarehe tano Julai. Laki nne na nusu. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Mimi ni mwenyekiti, ningesemaje?"

Tarehe tano Julai. Siku arobaini na saba kabla yangu. Alikuwa anajua. Alikaa mezani kwetu Septemba akanimiminia divai na kutoa hotuba, na alikuwa anajua. Neno moja lake, mwezi wa saba, chini ya bango hili, nami ningekata ile simu. Nilimchukia mzee huyu wa watu kwa chuki ambayo sikujua ninayo, mpaka masikio yakavuma. Nilitaka kumpigia kelele mbele ya darasa langu: miaka kumi na moja yangu, wewe, kwa sababu ya aibu tu.

Niligeuza uso nisimtazame, na macho yangu yakakutana na ya Tomie kule mlangoni. Alikuwa ananitazama mimi, hakuwa anamtazama Amemiya. Aliitikia kwa kichwa polepole, akasubiri mpaka alipoona nimeelewa kwamba mimi ndiye Amemiya wake, kisha akavaa koti lake akaenda kumtembelea mumewe.